Polisi Wafyatue Risasi Lini Mbele ya Mateka?

Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya Kenya ya 2011 linamruhusu askari kutumia bunduki pale tu njia zisizo kali zinaposhindwa, hasa ili kuokoa maisha yake au ya mtu mwingine. Sharti hilo huwa gumu mno mhalifu anapojifungia ndani na mateka, kwa kuwa risasi inayokusudiwa kuwaokoa inaweza kuwaua wao wenyewe.

Wanaotetea subira wana hoja nzito. Mtekaji anayedai fedha au kusikilizwa ana sababu ya kuwaacha mateka hai, na kadiri mazungumzo yanavyorefuka ndivyo anavyochoka, huku polisi wakipata nafasi ya kulisoma jengo na kuwapanga walenga shabaha. Lakini magaidi waliovamia jengo la maduka la Westgate hapa Nairobi Septemba 2013 wakaua watu 67 hawakuja kujadiliana. Walianza kuua tangu walipoingia. Mbele ya watu wa aina hiyo, kila dakika ya kungoja ni ya muuaji.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha mkahawa mmoja wa Sydney, Australia, Desemba 2014, kwa sababu kinazipa nguvu pande zote mbili. Polisi walikuwa wamengoja nje kwa saa nyingi. Mnamo saa nane na dakika tatu usiku, mateka kadhaa walipotoroka, mtekaji alifyatua risasi, na polisi hawakuingia. Dakika kumi baadaye alimuua meneja wa mkahawa, na hapo ndipo walipovamia. Katika uvamizi huo mwanamke aliyekuwa mateka aliuawa na vipande vya risasi za polisi. Uchunguzi uliotoa matokeo mwaka 2017 ulisema walipaswa kuingia mara baada ya mlio ule wa kwanza.

Naafikiana na uamuzi huo: mauaji yakishaanza, kungoja hakuna utetezi. Hata hivyo, ruhusa ya kufyatua haina maana bila kamanda mmoja anayejua nani yuko wapi. Westgate, askari wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, waliokuwa tayari ndani walipigwa risasi na wanajeshi wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF), na afisa mmoja akafa. Katika shambulio la hoteli ya DusitD2, pia hapa Nairobi, Januari 2019, watu 21 waliuawa, lakini mamia waliokolewa, na vikosi vilionekana kuelewana vizuri zaidi.

Wapo wanaohofia kwamba sharti la kuiarifu IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, kila askari anapoua au kujeruhi vibaya litamfanya asite. Siikubali hofu hiyo, kwani askari aliyefuata sheria analindwa na uchunguzi huru. Linaloniuma ni kwamba tume ya uchunguzi iliyoahidiwa na Rais Uhuru Kenyatta baada ya Westgate haikuundwa, na ripoti ya kamati za Bunge ilikataliwa na wabunge mwaka 2014, kwa hiyo hakuna aliyewajibishwa hadharani kwa amri zilizogongana siku ile.