"Aache Kwanza Bangi, Ndipo Mumlete"

Wiki iliyopita, katika mkutano wa wazazi wa mtaa wetu hapa Mtwara mjini, mtaalamu aliyealikwa kuzungumzia dawa za kulevya alitueleza kwamba mzazi mwenye kijana aliyevurugikiwa akili na ambaye pia anavuta bangi ahakikishe kwanza kijana huyo ameacha bangi, kisha ndipo ampeleke kutibiwa akili. Watu wakapiga makofi. Mimi sikuweza, kwa sababu kauli hiyo hiyo niliwahi kuambiwa na mhudumu wa afya nikiwa nimemshika mwanangu mkono, na ninajua ilitugharimu nini.

Mwanangu ana miaka 16. Sitaji jina lake wala shule yake, kwa kuwa siku moja atatafuta kazi na mchumba katika mji huu huu ambao watu wake wanajuana. Alipokuwa kidato cha pili alianza kukosa usingizi, akawa anafunga madirisha mchana kweupe na kukataa chakula cha bibi yake akidai kimetiwa kitu. Baadaye tukagundua kwamba anavuta bangi, na msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho, ulipofika akaanza kunywa gongo pamoja na watu wazima ambao hawakuona haya kumkaribisha. Korosho za bibi yake zikawa zinapungua kidogo kidogo ghalani na kuishia kwa wanunuzi wa kangomba, yaani wa magendo. Kila tunakokwenda tunaulizwa kipi kilitangulia, ugonjwa au bangi, na mara nyingi anayeuliza anataka kujua wa kulaumiwa ni nani. Sijui kilichotangulia. Ninachojua ni kwamba leo mtoto anavyo vyote viwili, na vyote viwili vinahitaji tiba.

Usiku mmoja nilimuuliza kwa upole kwa nini haachi ilhali anaona jinsi inavyomharibu. Akanijibu, "Mama, nikivuta wananyamaza kidogo." Alikuwa akiwazungumzia wale anaowasikia wakimtukana, ambao sisi wengine hatuwasikii. Hapo ndipo uongo wa kauli ya "aache kwanza" unapoonekana wazi. Mtoto anavuta ili apate nafuu ya ugonjwa, na bangi hiyo hiyo inauchochea ugonjwa, kwa maana imeshathibitika kwamba bangi kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakua huongeza hatari ya kuchanganyikiwa akili, na aliyekwisha kuugua humzidishia. Ukimwamuru aache bila kumpa dawa ya kuzituliza zile sauti, unamwacha peke yake nazo usiku kucha. Ukimpa dawa bila mtu wa kumsaidia aondokane na bangi na gongo, dawa haitafua dafu. Kusema "aache kwanza" ni sawa na kumwambia mgonjwa wa malaria apoe homa kwanza ndipo aje apimwe.

Baada ya kliniki kuturudisha kwa kauli ile ya "aache kwanza", tulikwenda soba hausi moja, nyumba wanakoishi waraibu wakisaidiwa kuacha, na huko tukaambiwa kinyume chake: kijana anasikia sauti, hapa hatuna daktari, mkamtibu akili kwanza. Kila upande ulikuwa unamsubiri mwenzake amalize kazi, na katikati yao alikaa mtoto anayezidi kuumia. Nilipochungulia mabweni niliona pia kwamba wote waliomo ni wanaume wazima, baadhi yao waliotumia dawa za unga, yaani heroini, miaka mingi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na hata kama wangekubali kumpokea siku ile, ningesita sana kumlaza mwanangu katika chumba kile.

Tulipompata hatimaye daktari aliyekubali kumtibu jinsi alivyo, alimwanzishia haloperidoli, dawa ya kuzituliza zile sauti. Siku chache baadaye shingo yake ilijipinda upande mmoja, macho yakapanda juu, ulimi ukawa mzito, na nyumba ikajaa majirani. Bibi yake alianza kusoma dua. Mjomba wake, ambaye kwa mila zetu za Kimakonde neno lake juu ya mtoto ni zito kuliko langu, aliagiza tuache vidonge mara moja na twende kwa fundi, yaani mganga wa kienyeji, kwa sababu jini limekasirika. Tulikimbilia hospitali, akachomwa sindano, na baada ya muda mfupi shingo ikanyooka mbele ya macho yetu. Muuguzi akatueleza kwamba hayo ni madhara ya dawa yanayojulikana, kwamba huwapata zaidi vijana wa kiume, na kwamba kuna vidonge vya benzheksoli vya kuyazuia. Kwenye bahasha ya dawa tuliyopewa mwanzo palikuwa pameandikwa 1×2, basi. Sentensi moja tu ya tahadhari ingetuepusha na hofu ile, na ninaamini wapo wagonjwa wengi katika wilaya zetu walioacha dawa siku ya shingo kupinda na wasirudi tena. Mjomba, nimheshimu kwa hili, alikuwa amesimama palepale wodini, na tangu siku ile ndiye anayeuliza kama kijana amemeza dawa.

Ninakubali, ingawa kwa uzito, kwamba wahudumu wetu wanaelemewa. Wataalamu wa magonjwa ya akili ni wachache nchi nzima, na muuguzi mwenye foleni ndefu mlangoni hawezi kukaa saa nzima na familia moja. Ninakubali pia kwamba serikali imefanya jambo kubwa kwa waraibu wa heroini tangu tiba ya methadoni, dawa wanayopewa badala ya heroini, ilipoanza Muhimbili mwaka 2011. Lakini methadoni ni ya heroini na jamii yake, haimtibu mtoto wa bangi na gongo, na kila nikisikia ikitajwa jukwaani kama jibu la kila kitu moyo unaniuma. Viroba, pombe kali ya vifuko, vilipigwa marufuku mwaka 2017 na nilifurahi, ila gongo ya mabibo haihitaji kiwanda.

Wengine hunishauri kwa nia njema nimpeleke Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma. Ninaiheshimu hospitali hiyo na kazi inayofanya. Hata hivyo, kutoka stendi ya Mkanaledi hapa Mtwara hadi Dodoma kwa kupitia Dar es Salaam ni takribani kilomita 1,000, na mwenye kutoa ushauri huo ajiulize atamketishaje ndani ya basi, kuanzia alfajiri, kijana anayeamini kwamba abiria wa kiti cha nyuma ametumwa kumuua. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika na Kusini yote ikakwama. Tena tiba ya namna hii si ya kulazwa mara moja na kurudi umepona. Ni ya miezi na miaka, inayomtaka mama, bibi na mjomba wawepo wafundishwe dalili za kurudiwa, na familia haiwezi kufundishwa ikiwa imeachwa umbali wa siku mbili za safari.

Kwa hiyo ninachodai ni kitu cha hapa hapa. Hospitali ya kanda imejengwa Mitengo ili watu wa Kusini wasilazimike kufuata kila tiba Dar es Salaam, nami ningependa kuona humo kliniki ya vijana ambamo daktari wa akili na mshauri wa uraibu wanamwona mtoto siku moja, katika chumba kimoja, wakiandika kwenye faili moja. Si lazima lianze jengo jipya. Siku moja kwa wiki ingetosha kuanzia. Hospitali za wilaya za Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea zipelekewe dawa za akili mfululizo, pamoja na sindano ya mwezi kwa wale wasioweza kumeza vidonge kila siku. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18, kwa hiyo walimu wa sekondari, na hata wa darasa la saba, wanapaswa kufundishwa kuzitambua dalili kabla hawajashika fimbo.

Kuhusu shule, Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unawaruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali warudi, na mwanangu ana haki hiyo kama mwenzake yeyote. Nimeshaandika barua kwa mkuu wa shule, na mjomba wake ametia saini chini ya jina langu. Tumeomba mambo mawili: mwalimu mmoja anayeaminika amtunzie kidonge cha mchana, na pasiwepo mtu wa kumwita teja wala kichaa mbele ya darasa. Nimeambatisha barua ya daktari, ambamo magonjwa yote mawili yameandikwa kwenye ukurasa mmoja.