Ajali haina kinga, lakini simu ina kumbukumbu

Kijana aliyenigonga kwa nyuma hapa Brooklyn Park, Minnesota, alishuka kwenye gari simu ikiwa bado mkononi. Ilikuwa saa moja asubuhi, natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, taa nyekundu, nimesimama. Alikuwa akitetemeka kuliko mimi. Kioo cha simu yake kilikuwa kinawaka, na ujumbe aliokuwa akiuandika umekatika katikati ya neno. Niliuona kwa macho yangu.

Kilichonijia kichwani ni kauli tuliyokua nayo sote: ajali haina kinga. Nikampa pole, mimi niliyegongwa, nikaenda zangu nyumbani na shingo imekakamaa. Jioni nikamsimulia mwenzangu wa kazini, mama wa Kisii aliyeishi huku miaka mingi. Akanikemea. "Ndugu yangu, hiyo si ajali. Hilo ni kosa, na lina mwenyewe."

Sentensi hiyo sijaisahau.

Tangu tarehe 1 Agosti 2019, dereva wa Minnesota haruhusiwi kushika simu gari likiwa barabarani, hata akisubiri taa. Anaweza kuongea bila kuishika, anaweza kufuata ramani; kuandika ujumbe, kutazama video, kupekua mitandao, hapana. Familia zilizozika watu wao ndizo zilizoisukuma sheria hiyo miaka mingi mpaka ikapita. Faini yenyewe ni ndogo: dola 50 kosa la kwanza, dola 275 likirudiwa, na ada za mahakama juu yake. Kwa dola 50 hakuna aliyetupa simu.

Uzito uko kwingine. Matibabu yangu yalilipwa kwanza na bima yangu mwenyewe, bila kuuliza kosa ni la nani, kwa sababu jimbo linamlazimisha kila mwenye gari awe na dola 20,000 za hospitali na 20,000 nyingine za mshahara uliopotea na gharama za namna hiyo. Wiki 3 sikwenda kazini; nililipwa asilimia 85 ya mshahara, isiyozidi dola 500 kwa wiki. Gharama za hospitali zilipopita dola 4,000, sheria ikanipa haki ya kumdai yule kijana fidia ya maumivu. Wakili hakuniomba hata senti; makubaliano yalikuwa achukue theluthi mwishoni. Na barua yake ya kwanza haikutaja pesa. Ilisema: simu hiyo isifutwe kitu, na rekodi zake zitunzwe.

Huko ndiko kesi za majeruhi zinakoelekea Marekani siku hizi. Wakili hatosheki kujua nani alikuwa na taa ya kijani. Anataka kujua kidole gumba cha dereva kilikuwa kikifanya nini sekunde ile, na anatafuta jibu kwenye rekodi za simu na kompyuta ya gari. Madereva wa malori wamekatazwa na serikali kuu kushika simu tangu 2012, na kuna kampuni zilizoamriwa na baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua kesi, kulipa zaidi ya dola milioni 10 kwa kosa la dereva mmoja. Ndiyo maana malori mengi sasa yana kamera inayomtazama dereva usoni.

Sisemi huku ni peponi. Mabango ya mawakili yamejaa kandokando ya barabara kuu, bima imepanda sana, na mwaka 2023 watu 3,275 walikufa nchini humu katika ajali zilizohusisha dereva ambaye macho au akili yake ilikuwa kwingine. Lakini aliyeumia ana wa kumuuliza.

Binamu yangu hakuwa naye. Mwaka 2021, Maungu, barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, alikuwa amepanda boda akielekea sokoni. Lori la mizigo likawazoa. Waliokuwa stejini walisema dereva alikuwa na simu sikioni. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Abstrakti ya polisi, yaani karatasi yao ya taarifa ya ajali, haikutaja simu popote, na hakuna aliyewauliza watu wa kampuni ya simu lolote.

Kenya ina sheria. Dereva akishika simu faini ni shilingi 2,000. Kila gari lazima liwe na bima ya kuwalipa wengine linaowaumiza, ingawa kwa mtu mmoja bima hailazimiki kupita shilingi milioni 3. Majeruhi ana miaka 3 ya kushtaki. Ila wa kwanza kufika wodini, kidonda hakijakauka, walikuwa mabroka wanaowatafutia mawakili wateja, wakiwa na karatasi za kutiwa sahihi. Binamu yangu akaogopa. Mama mkubwa akasema kesi ni za wenye pesa, tumshukuru Mungu mtoto yuko hai.

Basi tukafungua kundi la WhatsApp tukachanga. Mimi nilituma dola 300. Mwalimu wake wa msingi alituma shilingi 200, na bado ninaiona ile 200. Tulilipa hospitali na mguu wa bandia. Mwenye lori hakutoa hata shilingi moja, wala hakuna aliyemwomba. Tulibeba deni lake sisi, kwa upendo, tukaliita harambee.

Hili linaniuma hadi leo, kwa kuwa ushahidi upo. Ujumbe wa M-Pesa unaandika saa na dakika. Simu iliyopigwa ina saa yake. Afisa anayejaza abstrakti angeandika tu nambari ya simu ya dereva na saa ya kugongana, wakili angekuwa na pa kuanzia, na hakimu angejua rekodi gani ya kuagiza iletwe.

Miaka 3 ya binamu yangu iliisha 2024. Siku hizi anauza maji na njugu pale pale stejini. Lori lile bado linapita, asema. Analitambua kwa turubai lake la bluu.