Pete ya ndoa si mkia wa pete ya uchumba

Siku hizi hapa Unguja pete mbili zimekuwa kama sheria. Posa haijajibiwa sawasawa, picha ya kidole cha binti ishazunguka simu za ukoo mzima, jiwe linameta. Ikifika harusi inatafutwa pete ya pili iingie kidole kile kile, ijibane chini ya ile ya mwanzo, na zifanane utadhani pacha. Anayetaka hivyo simkatazi. Kinachonikera ni mpangilio wake. Pete ya uchumba huchaguliwa kwa miezi. Ya ndoa hununuliwa wiki ya mwisho, baina ya kulipia ukumbi na kumtafuta mchoraji wa piko, na kazi yake ni kufuata tu. Na hiyo ndiyo itakayotawadha, itakayokanda unga, itakayofua nepi. Ile yenye jiwe, wengi baada ya mwaka wa kwanza huivaa kwa shughuli tu.

Mie naona igeuzwe. Fikiria kwanza pete utakayokaa nayo kila siku, halafu ile yenye jiwe ndiyo iifuate.

Wala kidini hakuna anayetubana. Akdi inataka walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, yaani kuozesha na kukubali, na mahari yanatajwa. Pete si sharti. Inaweza kuwa ndiyo mahari yenyewe, maana ipo hadithi mashuhuri ya yule masikini aliyetaka kuoa, Mtume (s.a.w.) akamwambia atafute japo pete ya chuma. Kwa hivyo jambo la mwanzo la kuulizana, kabla ya rangi na jiwe, ni hili: pete hii imo ndani ya mahari au ni zawadi? Lisemwe wazi mbele ya wazee. Nimeona nyumba mbili zilizokuwa zikipelekeana futari hazisalimiani kwa sababu uchumba umevunjika na kila upande una jibu lake.

Sasa karati, kipimo cha usafi wa dhahabu, maana hapa ndipo pesa zinapopotea bila ya mtu kuona. Pete yenye jiwe aghalabu hutengenezwa kwa dhahabu ya 18. Mhuri wake ni 750, yaani katika sehemu 1,000, sehemu 750 ni dhahabu na zilizobaki ni shaba, fedha au madini mengine. Mchanganyiko huo ndio unaoipa ugumu, na kucha zinazolishika jiwe zinauhitaji ugumu huo. Ikifika zamu ya pete ya ndoa, mama na mashangazi wanataka ya 21 au 22, mhuri 875 au 916, ile ya manjano ya Uarabuni, kwa hoja kwamba dhahabu ni akiba ya mwanamke. Hoja ni ya kweli, na siku ya shida inaonekana. Tatizo ni kwamba kadiri dhahabu inavyokuwa safi ndivyo inavyokuwa laini, na hizi mbili tunakwenda kuziweka kidole kimoja zisuguane usiku na mchana.

Binti wa mama yangu mdogo, anayekaa Wete, alinivulia zake nizitazame alipokuja mjini. Ya uchumba ni ya 18, na mabegani ina vialmasi vidogo vidogo. Ya ndoa ni ya 22, nyembamba, haina kitu juu yake. Kwa ndani mhuri unasomeka vizuri. Ukingo wa mbali na mwenzake ni mzima kabisa. Lakini ukingo uliogusana na vile vialmasi umelika kama mdomo wa mwiko wa zamani, mpana hapa, mwembamba pale, na ukipitisha ukucha unahisi vijifereji. Hakuibiwa, hakudanganywa, ni 22 kweli. Vialmasi vya jirani vilikuwa vikiisaga kila alipokunja ngumi kukuna nazi. Na dhahabu ikishasagika hivyo huiokoti. Imekwenda na maji ya kuoshea vyombo. Akiba gani hiyo?

Rai yangu basi: pete zitakazokaa pamoja ziwe za karati moja, na zinapogusana pasiwe na jiwe la upande wowote. Mama akishikilia 22 kwa ajili ya akiba, mwambieni kwa adabu anunue bangili.

Rangi nayo ina mambo yake. Wasichana wengi wanataka dhahabu nyeupe, kwa sababu picha za mitandaoni ndizo hizo. Sawa, lakini dhahabu haichimbwi ikiwa nyeupe. Inachanganywa na madini meupe, kama paladiamu au nikeli, kisha juu inachovywa rodiamu ili ing'are. Rodiamu inaisha kwa kuvaliwa, umanjano unachungulia, na inabidi ichovywe tena. Ukinunua pete mbili nyeupe katika maduka mawili, moja itachujuka kabla ya nyengine, na hapo ndipo utakapojua kwamba hazikuwa pacha. Muulize anayekuuzia nani atakayeichovya huko mbele na kwa bei gani. Akijikuna kichwa, umeshapata jibu. Wapo pia ambao ngozi zao hazipatani na nikeli, kidole kinawasha na kutoka vipele. Na wanaofanya kazi katika mahoteli ya Nungwi na Paje, ambao mikono yao inashinda katika maji ya bwawa la kuogelea, wajue klorini si rafiki wa pete yoyote iliyochanganywa madini. Waivue kabla ya kuingiza mkono. Mie wa manjano. Mkono uliotiwa hina ukaiva, dhahabu ya manjano ndiyo mwenzake; nyeupe naiona baridi.

Tanzanaiti inataka uangalifu zaidi. Nafahamu mapenzi yake: jiwe letu, halipatikani popote duniani ila Mererani, linajulikana tangu 1967, na ile buluu yake inayoingia zambarau haina mfano. Lakini katika kipimo cha ugumu ambacho almasi ina 10 na yakuti ina 9, tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Hata vumbi la kawaida la nyumbani lina chembe zinazoweza kuikwaruza. Ukiiweka karibu na pete ya ndoa yenye mduara wa almasi, umemkaribisha mwizi sebuleni. Pia haipendi kugongwa wala joto la kubadilika ghafla. Mwenye tanzanaiti kwenye uchumba, ya ndoa aichukue kavu, isiyo na jiwe hata moja, na ile ya jiwe aivue akiingia jikoni.

Lipo suala la umbo, ambalo wengi hulijua walipokwisha kulipa. Kichwa cha pete ya uchumba, pale linapokaa jiwe, kikiwa juu, pete iliyonyooka inaingia chini yake na kukaa ubavuni bila ya nafasi. Kichwa kikiwa chini, kimekaa karibu na kidole, pete iliyonyooka inasukumwa na pengo linabaki. Dawa inayouzwa ni pete iliyopindwa, yenye kikato cha kulikwepa jiwe. Siipendi. Siku utakayovua ile ya jiwe, na utaivua tu, utabaki na pete iliyopinda peke yake kidoleni, na kila shoga atakuuliza imegongwa na nini. Bora pengo. Wapo wanaoziunga mbili kwa lehemu ziwe moja. Hilo huondoa kusuguana, ila umeshajifunga, huwezi kuvaa moja ukaacha nyengine.

Tena fikirieni udhu. Mara tano kwa siku maji yanatakiwa yafike chini ya pete, na iliyobana tunafundishwa kuitikisa ili yapenye. Pete moja pana, au mbili zilizoungwa, zinazuia maji, na yakishaingia hayatoki: ngozi inakaa na unyevu na sabuni, inachubuka, inabadilika rangi. Unga wa chapati nao unaingia katika kucha za jiwe ukakauka humo, mtu anakaa na sindano jioni nzima akichokoa. Pete nyembamba ya milimita mbili au tatu, ndani iwe na mviringo badala ya kuwa bapa, inatikisika bila ya kuhangaika. Nitaichagua hiyo mbele ya pete yoyote ya dirishani.

Na kwani lazima kidole kimoja? Wenzetu wa ng'ambo wanazipanga pamoja kwa desturi zao, na sisi tumeichukua desturi bila ya kuuliza kama inatufaa. Chanda chema huvikwa pete, ndiyo, lakini methali haikusema mbili. Pete ya ndoa ikae mkono mmoja, ya uchumba ikae mwengine. Hazisuguani, karati hazigombani, kichwa kikiwa juu au chini si shida tena, na yule mama anayetaka ya 22 anapata ya 22. Shida yote niliyoieleza hapo juu inaisha. Najua nitaambiwa haionekani kama harusi za mitandaoni. Na isionekane.

Kwa wanaotaka kuzipanga pamoja hata hivyo, jambo ambalo silifanyii mjadala ni biharusi kwenda mwenyewe. Bado kuna nyumba ambazo anaulizwa rangi ya mapambo ya ukumbi lakini hakiulizwi kidole chake. Wifi anapima kwa kukisia, anasema "sawa na changu". Kidole hakiwi kimoja mwaka mzima. Kaskazi na joto la Januari vidole hujaa, kipupwe cha Julai vinanywea. Pete mbili pamoja hubana kuliko moja, kwa hivyo pima zote mbili zikiwa kidoleni, alasiri, si alfajiri, na hakikisha zinapita fundo la kidole kwa kusukumwa kidogo. Mimba ikija vidole vitavimba. Pete yenye mawe mduara mzima haipanuliki kirahisi, ya dhahabu tupu sonara anaipanua. Haya yote yafanyike kabla hajawekwa ndani kusingwa.

Na achukue pete yenyewe. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, sonara mmoja mtu mzima aliyeoneshwa picha kwenye simu na binti niliyekuwa nimemsindikiza, alimrudishia simu kwa upole. "Mwanangu, picha haina unene. Nenda ukailete pete."

"Iko nyumbani, mzee."

"Basi na mie nipo kesho."

Alikuwa na haki yake. Anayetengeneza kwa mkono anaweza kuifuata karati, unene na urefu wa kichwa cha pete uliyonayo, na mara nyingi hilo linashinda seti ya kuagiza. Bei inakwenda kwa gramu, na ya gramu inabadilika na soko la dunia. Ujira wa kazi uulizwe mbali. Mawe yasipimwe pamoja na dhahabu. Risiti iandikwe karati na gramu.

Wanaume nao siku hizi wanataka zao, na hapa ndipo watu wanapoingizwa mkenge. Dhahabu haimhalalikii mwanamme wa Kiislamu, hilo linajulikana. Lakini wapo wanaouziwa dhahabu nyeupe kwa maneno kwamba hiyo "si dhahabu hasa". Ni dhahabu. Kuifunika rodiamu hakuigeuzi kuwa fedha. Achukue fedha, mhuri 925, na akipenda aitie akiki kama walivyovaa wazee. Itaingia weusi kidogo kwa hewa ya bahari, kitambaa kinatosha. Pete ya tangsteni, madini magumu sana, inayosifiwa kwamba haikwaruziki, kwaruzo kweli haiingii, lakini haipanuliki wala haipunguziki, na kidole kikivimba mkasi wa kawaida wa kukatia pete hauiwezi. Inabidi ibanwe mpaka ipasuke. Na pete ya bwana kutofanana na ya bibi si kasoro.

Mwisho ni saa yenyewe. Harusi zetu zinajazana Shaaban na Mfunguo Mosi, na masonara wanajua. Ukienda Ramadhani ya mwishoni, utakuta kila mtu anataka yake kabla ya Idi, na kazi ya haraka ndiyo inayotoa pete zenye lehemu ya ovyo. Wa Mfunguo Mosi ampelekee sonara pete yake Rajabu.