Virusi havionekani, na presha je?

Jumapili nilikuwa namlisha shangazi uji kwa kijiko. Mkono wa kulia hauinuki, na maneno yanamtoka nusunusu. Kiharusi kilimkuta asubuhi akifagia uwanja. Walipompima hospitali, presha ilisoma 200 kwa 115. Daktari akaniuliza, "Mama ana presha tangu lini?" Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani, nikachukua kadi zake zote za kliniki, nikaketi kitandani kwake nikazisoma moja moja.

Shangazi anaishi na VVU, alianza dawa 2007. Tarehe ya kliniki hakuwahi kuikosa, hata mwaka aliofiwa na mume. Uzito umeandikwa kila ukurasa. Hesabu za zamani za CD4, zile seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, zipo. Majibu ya wingi wa virusi yapo, na ni yale yale miaka yote: havionekani, yaani ni vichache mno kipimo kuviona. Presha imeandikwa mara mbili. Tangu 2007, mara mbili!

Mwanamke huyu amepita mlango ule mara ngapi? Amepewa dawa, amepewa hongera, ameambiwa nenda mama, uko vizuri. Naye akaamini yuko vizuri, kwa sababu aliowaamini kuliko watu wote ndio waliomwambia. Kipimo cha presha kinachukua dakika chache. Hakihitaji maabara wala sampuli kusafirishwa kwenda mkoani.

Na si kwamba hatari hii haijulikani. VVU vikiingia mwilini, wiki za mwanzo tu vinaangamiza seli za CD4 zilizojaa kwenye ukuta wa utumbo. Ukuta ule ukishatoboka, vipande vya bakteria vinapenya hadi kwenye damu. Dawa zinakuja zinavifubaza virusi, lakini ukuta haurudi ulivyokuwa, na virusi vingine vinabaki vimejificha ndani ya seli. Basi kinga inakesha. Miaka 10, miaka 20, inapigana kidogo kidogo bila kulala. Wataalamu wanauita mchochota sugu. Kipimajoto hakiuoni, na mgonjwa mwenyewe hausikii popote. Unaokwanguliwa ni ukuta wa mishipa ya damu: mafuta yananata, damu inaganda kirahisi. Ndiyo maana anayeishi na VVU, hata akiwa anameza dawa zake vizuri, hatari yake ya shambulio la moyo ni karibu mara 2 ya mwingine wa umri wake. Ongeza presha ambayo hakuna aliyeipima, ndipo ufikirie shangazi na ufagio wake.

Nakubali, tulikotoka ni mbali. Kabla ya ARV za bure kuanza kutolewa hapa nchini 2004 tulikuwa tunazika kila wiki, na katika siku zile nani angeulizia presha ya mtu wa miaka 60, wakati kufika 40 ilikuwa bahati? Manesi ni wachache na foleni inatoka nje ya uzio, nalo nakubali. Ila wale tuliowaombea wafike uzeeni sasa wamefika. Tunawapokea na nini?

Mtu asiniambie haiwezekani. Dar es Salaam na Uganda, vituo 32 viliingia kwenye utafiti, na baadhi yake vikawahudumia wenye VVU, kisukari na presha katika kliniki moja. Unaitwa INTE-Africa, matokeo yake yalitoka 2023. Wagonjwa walibaki kwenye matibabu, na wenye VVU waliendelea kufubaza virusi vyao kama kawaida. Mwaka huohuo ukatoka ule wa REPRIEVE, watu 7,769 wanaoishi na VVU, wa miaka 40 hadi 75, Waganda wakiwemo: waliopewa pitavastatini, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, walipata matatizo makubwa ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 35. Shangazi hajawahi hata kusikia neno statini.

Sigara nazo ziulizwe. Sukari ipimwe.

Naomba jambo moja kwa anayesoma hapa huku anameza dawa: usije ukasema basi, kama ni hivyo, zina faida gani. Kuna utafiti wa SMART, watu 5,472, uliosimamishwa 2006 kwa sababu walioambiwa wapumzike dawa walikuwa wanakufa zaidi, na moyo, figo na ini vilikuwa vinaumia zaidi kwao. Virusi vikiachiwa, ule mchochota unapanda. Meza dawa yako. Kisha siku ya kliniki, kabla hujapewa kopo, nyoosha mkono useme: dada, naomba unipime presha, na uniandikie kwenye kadi.

Mimi Jumatatu naenda kuonana na mganga mfawidhi wa kituo chetu. Sitapiga kelele. Nitazibeba kadi za shangazi, zile kurasa mbili nimeziwekea alama, nami nitamwomba azipitie zote nikiwa nimekaa mbele yake.