Gallieni: shule, kodi na bunduki

Wafaransa wengi wanamkumbuka Jenerali Joseph Gallieni kwa teksi. Septemba 1914, Wajerumani wakiikaribia Paris, yeye kama gavana wa kijeshi wa jiji aliamuru teksi zikusanywe zibebe askari kwenda kwenye mapigano ya Marne. Alifariki 1916, na 1921 akapewa cheo cha marshali akiwa kaburini. Wamalagasi, watu wa kisiwa cha Madagaska, wanamjua kwa mengine: aliwatawala kuanzia 1896 hadi 1905.

Watetezi wake hawakosi hoja. Wakati wake Antananarivo ilipata shule ya udaktari ya kuwafundisha Wamalagasi wenyewe, na 1902 ikaanzishwa Akademia ya Kimalagasi, ambayo ipo hadi leo. Reli ya kutoka mji mkuu kwenda pwani ya mashariki ilianza kujengwa 1901. Ila kuna sifa moja anayobandikwa isiyo yake: amri ya kukomesha utumwa ilitolewa na mtangulizi wake, Hippolyte Laroche, Septemba 1896, muda mfupi kabla ya kukabidhi madaraka.

Gallieni alikuta uasi wa Menalamba, waasi waliopinga utawala wa Wafaransa, umepamba moto. Mwezi uliofuata, Oktoba, waziri Rainandriamampandry na mwanamfalme Ratsimamanga walipigwa risasi hadharani baada ya kesi ya haraka yenye ushahidi dhaifu. Kwangu mimi, hilo ndilo doa lake kubwa, kwa sababu hapa hakuna ofisa wa mbali wa kusingiziwa. Lengo lilikuwa kuwatia hofu wakuu wa Imerina, ufalme wa katikati ya kisiwa, na hofu ikawaingia. Februari 1897 Malkia Ranavalona III akapelekwa uhamishoni Réunion, kisha Algeria, alikofia 1917.

Mauaji ya Ambiky, magharibi mwa kisiwa, Agosti 1897, yana utata zaidi. Aliyeongoza kikosi kilichomuua Mfalme Toera wa Wasakalava ni Meja Gérard; Gallieni hakuwepo. Lakini vita vile vilikuwa vyake. Fuvu linaloaminika kuwa la Toera lilikaa Paris hadi Ufaransa ilipolirudisha Agosti 2025.

Wapo wanaosema tumpime kwa wenzake wa zama zile. Sawa: ukimweka kando ya Voulet na Chanoine, maofisa wa Kifaransa waliochinja vijiji huko Niger 1899, Gallieni anaonekana mpole. Nani asingeonekana mpole hapo?

Kinachonipa shida ni ile tabia ya kuweka shule upande mmoja na bunduki upande wa pili, kana kwamba ni watu wawili tofauti. Yeye mwenyewe hakuzitenganisha. Mbinu yake, aliyoikuza Tonkin (kaskazini mwa Vietnam) miaka ya 1890, iliitwa doa la mafuta: unaweka kituo cha askari, unafungua soko, shule na zahanati, kisha unasogea mbele. Zahanati iliponya kweli, na mgonjwa aliyepona hakuwa na sababu ya kuidharau. Lakini ilikuwa pia sehemu ya kuiteka nchi. Gharama ililipwa na wenyeji, kwanza kwa kazi ya lazima ya siku 50 kwa mwaka, halafu kwa kodi zilizopandishwa, ambazo Gallieni alizitetea kuwa zinawafunza watu kufanya kazi.

Mwishoni mwa 1904 kusini-mashariki kukalipuka uasi, na kodi hizo zilikuwa miongoni mwa sababu zake. Ulizimwa kwa silaha, na 1905 Gallieni akaondoka kisiwani.