Walionyimwa Hata Haki ya Kuugua

Wapo wasomaji waliochoshwa na riwaya za Kiafrika zinazofukua majeraha ya nafsi yaliyoachwa na ukoloni. Hoja yao ina uzito. Mwandishi akimtwika mkoloni kila dosari ya mhusika, mhusika habaki na hiari yake. Abdulrazak Gurnah hakuanguka katika mtego huo: katika Paradise (1994), anayemweka mhusika mkuu, Yusuf, rehani kwa deni ni baba yake mzazi, si mkoloni Mjerumani.

Lakini wakisema riwaya hizi zinatugeuza wagonjwa, hapo siwafuati kabisa. Wamesahau kwamba ukoloni ulitunyima hata ugonjwa wenyewe. J. C. Carothers, daktari aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha maelezo yake juu ya saikolojia ya Mau Mau, uasi dhidi ya utawala huo. Watu walionyang'anywa ardhi wakaelezwa kwamba kasoro iko vichwani mwao. Na huyu hakuwa mlevi wa baa ya walowezi. Alikuwa mtaalamu, na neno lake lilisikilizwa.

Sasa msome Nyasha katika Nervous Conditions (1988) ya Tsitsi Dangarembga. Ni binti wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, aliyelelewa kwa miaka kadhaa Uingereza. Anakula kisha anajitapisha, anakonda mpaka mifupa inaonekana, usiku mmoja anararua kitabu cha historia kwa meno. Anapelekwa kwa daktari wa akili, Mzungu. Jibu: Waafrika hawaugui hivyo, anajifanya, mrudisheni nyumbani mkamtie adabu. Kila nikifika hapo naufunga ukurasa kwanza. Binti anakufa kwa njaa mbele ya mganga, na mganga haamini kwamba ndani yake kuna kitu kinachoweza kuvunjika.

Kumwandika Nyasha kwa undani ule ni kumrudishia nafsi aliyonyimwa. Wala Dangarembga hamfichi baba wa Nyasha, Babamukuru, mwalimu mkuu kipenzi cha wamisionari, anayempiga binti yake na kumwita malaya. Lawama yake anaibeba mwenyewe. Ila usiku ule wa kurarua kitabu, Nyasha anamwambia baba yake kwamba hamchukii; wao, wakoloni, ndio wanaotaka amchukie, naye hatakubali.