Kisu cha Shemeji na Fenesi la Mama

Shemeji alikuja ukweni na kisu kipya cha kukunja, na kama ilivyo kawaida ya watu wenye kisu kipya, alikijaribu kwa kunyoa malaika ya mkono. Alikaa barazani kwa mama, Muheza, Ijumaa baada ya swala, kanzu nyeupe pe imepigwa pasi, akajinyoa mkono wa kushoto kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko mbele ya watoto wa jirani. Watoto wakashangilia. Akanigeukia.

"Unaona, shemeji? Wembe huu. Elfu kumi na tano tu, kwa machinga pale stendi."

Riziki yangu ni kunoa mapanga, visu na mikasi, kwa hiyo alikuwa akisubiri nimpe hongera. Nikamwomba anionyeshe kisu, maana mkono alikuwa ameshauonyesha vya kutosha.

Kwenye kisu cha kukunja cha bei rahisi, makali ni kitu cha mwisho kutazama. Kiwandani ubapa hupitishwa kwenye mkanda wa msasa, na siku ya kwanza hata chuma laini kitanyoa. Tena makali ndiyo kitu pekee ambacho mwenye kisu anaweza kukitengeneza mwenyewe nyumbani kwa kinoo cha kawaida: simamisha ubapa wima juu ya kinoo, ulaze nusu, kisha ulaze nusu tena, umepata nyuzi 22 na kitu, ambazo zinatosha kabisa kwa kazi za mfukoni. Noa upande mmoja mpaka uhisi kwa kidole kijinyuzi cha chuma kimepinda kwenda upande wa pili, geuza, kiondoe, basi. Kasoro zinazokula hela zako ziko kwenye loki, inayozuia ubapa usijikunje, na kwenye kiungo, pale ubapa unapokunjia, na hizo hakuna anayezitazama akiwa stendi.

Ubapa ulikuwa na urefu wa sentimita 8 hivi na unene wa milimita 3 mgongoni. Si mbaya, ingawa mgongo mnene namna hiyo hupasua karoti badala ya kuikata. Ubavuni kumeandikwa 440, na chini yake STAINLESS kwa herufi kubwa. Hiyo ni namba ya aina ya chuma, na peke yake haisemi kitu. Iko 440A, yenye kaboni karibu asilimia 0.7, na iko 440C, ambayo kaboni yake ni kama asilimia 1 na hukaa na makali muda mrefu zaidi. Mtengenezaji aliyenunua chuma cha C haisahau ile C wakati wa kuandika. Hilo nililipitisha haraka, kwa sababu chuma laini si dhambi: makali yake hayamegeki, yanalala tu, na kinoo kinayaamsha.

Loki ndiyo iliyonifanya nivute kiti. Kisu hicho kina loki ya ulimi: bati moja la chuma ndani ya mpini limechanwa likaachwa na ulimi unaosukuma kwenda ndani kwa nguvu ya mkunjo wake. Ubapa ukifunguka mpaka mwisho, ulimi unachomoza na kukaa nyuma ya kisigino cha ubapa, yaani mwisho wake wa upande wa mpini, ili ubapa usirudi. Kwenye kisu kizuri ambacho bado kipya, ulimi unaingia kiasi cha robo hadi nusu ya unene wa kisigino. Wa shemeji ulikuwa umeshika ukingo tu, kwa ukucha.

Nikashika mpini kwa mkono mmoja na ubapa kwa mwingine, nikatikisa kushoto na kulia. Unacheza kidogo. Hiyo si kesi, unakaza skrubu ya kiungo. Nikatikisa juu na chini. Unacheza pia, na hiyo sasa ni kesi, kwa sababu kinacholegea hapo ni loki yenyewe na hakuna bisibisi ya kuitibu. Nikaondoa vidole kwenye njia ya makali, nikagonga mgongo wa ubapa taratibu kwenye mguu wa kiti. Pigo la pili, kisu kikajikunja chenyewe kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa kiti.

"Shemeji," nikamwambia, "hiki ni cha bahasha, kamba na chungwa. Usikisukume na ncha mbele, usibanjulie kitu."

"Una wivu wewe," akasema, akakichomeka kwa klipu kwenye mfuko wa kanzu, mpini ukichungulia ili watu wauone.

Hapo ndipo mama alipotoka uani na fenesi la kilo nane hivi, amelikumbatia kwa mikono miwili. Nyuma yake dada yangu, ambaye ndiye mke wa shemeji, kabeba sinia, gazeti, kikombe cha mafuta ya nazi na kisu cha jikoni cha mpini wa mti.

Kazi ya fenesi inaanza na mafuta. Utomvu wake hauyeyuki kwa maji. Ukiuendea na maji na sabuni unakaza tu na kushika zaidi, na ndiyo maana watoto wanaufanya ulimbo wa kunasia ndege. Unapaka mafuta viganja mpaka kwenye vifundo, unapaka ubapa pande zote mbili, halafu ndiyo unakata. Utomvu wa kwanza unaufuta na gazeti kwenye mtima, ule moyo wa katikati, kabla haujatambaa. Na kisu chenyewe kiwe kirefu, cha kipande kimoja, kisicho na tundu wala kiungo, maana kila tundu utomvu utalijaza.

"Mama, kaa," akasema shemeji, akikunja mikono ya kanzu mkunjo mmoja tu, usiotosha kitu. "Hii niachie mimi."

"Haya mwanangu. Paka mafuta kwanza."

"Hiki hakihitaji, Mama. Stainless."

Mama akaniangalia. Nami nikaangalia fenesi. Kukataa kutu na kukataa utomvu ni sifa mbili zisizojuana hata kwa jina, lakini mkwe akishasema mbele ya mkwewe hakatizwi.

Tatizo la kwanza lilikuwa la hesabu. Fenesi lile lilikuwa na upana wa sentimita 25 hivi, ubapa ni sentimita 8. Kuufikia mtima ilibidi shemeji azamishe ubapa wote na kipande cha mpini pia, yaani kiungo, ulimi, skrubu na mianya ya mabati, vyote ndani ya utomvu mweupe unaochuruzika. Alipofika kwenye mtima, ambao ni mgumu, akakwama. Akafanya kile nilichomkataza: akasukuma, akabanjua kushoto, akabanjua kulia. Fenesi likalia *kwaa*, likafunguka. Watoto wakashangilia tena. Kiungo nacho kilikuwa kimeshalegea, ila kilio chake kilikuwa kidogo.

Akakikunja kisu ili kubadili mshiko, akakifungua tena. Safari hii ulimi ulisukuma ukakuta utando wa utomvu umetanda kwenye kisigino, ukaishia njiani. Kwa macho kisu kilikuwa wazi na kimenyooka. Kwa loki, hakuna loki. Akaanza kukata mtima kwa mshazari, ncha ikiwa mbele, akisukuma.

Kisu kikajifunga.

Vidole vyake viliokolewa na kidude kimoja ambacho wanunuzi wengi hudhani ni pambo: lile pembe dogo nyuma ya kisigino, unalolisukuma kwa kidole cha shahada kufungua kisu. Ubapa ukiwa wazi, pembe hilo linakaa upande wa chini, mbele ya kidole. Ubapa ukianza kurudi, pembe ndilo linalogonga kidole kwanza, kabla makali hayajafika. Shemeji aligongwa kwenye fundo la kidole, akashtuka, akaachia mshiko, na ubapa ukamalizia safari yake peke yake. Safari hiyo ilipita kwenye mkono wa kanzu uliokuwa umening'inia.

Kwa hiyo tukawa na kisu kilichofunga mdomo, na ndani ya mdomo kuna kanzu, na juu ya vyote hivyo utomvu unaendelea kukauka. Shemeji akavuta kwa mkono wa kulia. Mkono wa kulia ukagandana na mpini. Akaenda kuusaidia na wa kushoto, ule ulionyolewa, ukaganda kwenye klipu. Akasimama katikati ya uwanja amejifumbata, mikono miwili kifuani, mnyenyekevu kama hajawahi kuwa. Kanzu hakuweza kuivua, maana ilikuwa imeshikwa na mikono ambayo ingeivua.

"Maji!" akasema.

"Siyo maji," nikasema, lakini mtoto mmoja alishakimbia, akammwagia kopo zima. Utomvu ukakaza.

Dada yangu aliingia ndani akafunga mlango. Tulimsikia anavyocheka, ingawa alijitahidi kutumia mto.

Mama hakucheka. Alichukua kikombe chake cha mafuta, akammiminia mkwewe kwenye viganja kidogo kidogo, akawa anasugua kwa gazeti tangu vidole hadi mpini. Mafuta yanaingia chini ya utomvu na kuunyanyua ukawa vidonge. Hapo unaviringisha na kutupa. Baada ya mafuta ndiyo maji moto na sabuni, wala si kinyume chake. Mafuta ya taa nayo yanafanya kazi hiyo, ila kwa kisu kinachogusa chakula yanataka kuoshwa mno. Mikono ikaachia, kanzu ikatoka na tundu la urefu wa kidole pamoja na doa ambalo sabuni haijalipatia dawa mpaka leo.

Kilichobaki ni kiungo, na hicho hakisafishwi bila kufunguliwa. Skrubu ya kiungo ilikuwa ya nyota, T8, nami ninayo. Za mpini zilikuwa T6. Bisibisi yake tukaazima kwa fundi simu wa ng'ambo ya barabara. Nikasema tufungulie juu ya sinia lenye kitambaa, kwa sababu visu vingi vya aina hii siku hizi vina beringi za vigololi kwenye kiungo mahali pa washa, vile viduara bapa vya kawaida. Beringi zinafanya ubapa uruke haraka, na mnunuzi wa stendi anapenda kitu kinachoruka. Vile vigololi havifiki milimita 2, vimepangwa kwenye kiduara cha plastiki, na kwenye visu rahisi kiduara hicho hakivishiki sawasawa.

Shemeji, akitafuta heshima ilikokwenda, akasema atafungua mwenyewe. Akafungua amesimama. Kiduara kikapasuka, vigololi vikamwagika uwanjani, vinang'aa kwa mafuta ya nazi.

Uwanjani palikuwa na kuku, waliokuwa wamefuata masalia ya fenesi. Kuku hana meno. Humeza changarawe ili firigisi isage chakula. Changarawe ya mviringo, inayong'aa na iliyopakwa mafuta ya nazi haipatikani kila siku. Jogoo wa mama alifika wa kwanza, na sikumbuki kama aliwaachia wenzake hata kimoja.

Kisu kilipona kwa namna yake. Nilikata washa mbili kwenye kifuniko cha ndoo ya plastiki, nikaupinda ulimi kidogo kuelekea ndani mpaka ukafika karibu na robo ya kisigino, nikatia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, na kwenye nyuzi za skrubu nikapaka rangi ya kucha ya dada ili zisijilegeze zenyewe. Kushoto na kulia hakichezi tena. Juu na chini bado kinacheza, na kitacheza mpaka kizeeke. Kwa bahasha, kamba na chungwa kinatosha.

Shemeji hakuridhika. Alisema kimepoteza ule mruko wake, na bila vigololi vile si kisu alicholipia. Akamtazama jogoo kwa muda, akamgeukia mkwewe, akauliza kwa sauti ya chini na heshima zote kama huyu jogoo alikuwa amepangiwa siku.

"Huyu ni elfu thelathini, mwanangu," mama akamjibu, akikusanya kokwa za fenesi kwenye sinia. "Kisu ulisema kumi na tano."